Kuchagua Lenzi Ndefu ya Kupigia Picha Wanyama

Wapiga picha ni wengi katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi. Kuanzia Kaloleni na Shauri Moyo mpaka Jericho, Buruburu, Umoja na Kayole, ni nadra kuona arusi, ubatizo, maulidi au sherehe ya shule ambayo haikupigwa picha, na vijana wengi hujipatia riziki kwa kazi hiyo. Tena watu hawa ni jirani wa simba. Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliwekwa mwaka 1946, nayo ndiyo ya kwanza katika Kenya. Eneo lake ni kilomita za mraba 117, nayo iko kiasi cha kilomita 7 tu kusini ya katikati ya mji. Tembo hawamo, lakini wamo simba, vifaru weusi, nyati, twiga, pundamilia na pofu, pamoja na aina zaidi ya 400 za ndege. Hata hivyo, mpiga picha wa mtaani atakaye kugeuza kamera yake kutoka kwa bibi arusi na kuielekeza kwa simba, mara moja hupambana na swali hili: Ninunue lenzi gani?

Swali hilo si dogo, maana lenzi moja ya namna hii yaweza kumeza akiba ya miaka kadha. Mtu akikosea hupoteza ada ya mtoto, au fedha alizopewa na chama kwa zamu yake, na mwisho hubaki na chombo kizito kisichomletea hata shilingi. Wazee husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la haki kwa mtu anayetafuta udhuru wa kutolima. Lakini hata mkulima hodari hapeleki jembe la bustani kung'oa visiki, wala hanunui jembe zito asiloweza kuliinua. Basi katika somo hili tutaeleza namna ya kuchagua kwa hesabu na kwa akili, siyo kwa tamaa ya macho.

Lenzi ndefu ni nini?

Urefu wa lenzi hutajwa kwa milimita. Lenzi ya milimita 50 huonyesha mambo karibu kama tuyaonavyo kwa macho. Kwa kawaida lenzi za milimita 300 na zaidi, kama 400, 500, 600 na 800, ndizo zihesabiwazo kuwa ndefu sana. Kazi yake ni kukata sehemu ndogo ya yale yaliyo mbele yetu na kuikuza, hata mnyama aliye mbali aonekane kama yu karibu.

Ziko namna mbili. Ya kwanza ni lenzi ya urefu mmoja tu usiobadilika. Ya pili ni lenzi ya kuvuta, ambayo mtu huweza kubadili urefu wake, tuseme kutoka milimita 150 mpaka 600, kwa kuzungusha pete. Ya kwanza huruhusu mwanga mwingi zaidi na picha zake huwa kali sana. Ya pili humfaa mtu aliye ndani ya gari, asiyeweza kurudi nyuma wakati twiga anapomkaribia ghafula.

Hesabu ya kwanza: ukubwa wa mnyama

Iko hesabu rahisi ambayo kila mpiga picha yafaa aijue. Zidisha urefu wa lenzi kwa kimo cha mnyama kwa mita, kisha gawanya kwa umbali wake kwa mita. Jibu ni kimo cha mnyama, kwa milimita, juu ya bamba la kamera, yaani lile bamba lililochukua mahali pa filamu.

Tuseme simba amesimama mita 50 kutoka gari lako, na kimo chake begani ni mita 1. Kwa lenzi ya milimita 200, jibu ni 4. Kwa lenzi ya 400, jibu ni 8. Kwa lenzi ya 600, jibu ni 12. Kamera ya bamba kubwa ina bamba lenye kimo cha milimita 24. Basi kwa lenzi ya 200 simba atajaza sehemu moja tu katika sita. Kwa 400, sehemu moja katika tatu. Na kwa 600, nusu ya picha.

Sasa mtazame twiga mwenye kimo cha mita 5, aliye mbali mita 100. Kwa lenzi ya 400 jibu ni 20, yaani karibu ajaze picha yote. Huyo hahitaji lenzi ya 600. Lakini mdiria mdogo wa kando ya maji, mwenye urefu wa sentimita 12 hivi, hata akiwa mita 10 tu, na lenzi iwe ya 600, atakuwa milimita 7 na kidogo juu ya bamba. Twajifunza ya kwamba mwenye kupenda ndege wadogo ndiye mwenye haja kubwa ya urefu, na mwenye kupenda twiga, nyati na vifaru aweza kuridhika na kidogo.

Tena kuna kamera za bamba dogo, lenye kimo cha milimita 15 au 16 hivi, nazo bei yake kwa kawaida ni nafuu. Yule simba wetu wa milimita 8 hujaza nusu ya bamba hilo. Kwa hiyo lenzi ya 400 katika kamera ndogo huonyesha sawasawa na lenzi ya 600 katika kamera kubwa. Watu wengi huidharau kamera yao ndogo wasijue kwamba katika kazi hii ina faida.

Hesabu ya pili: mwanga

Urefu peke yake hautoshi. Kila lenzi ina tundu la kupitisha mwanga, na ukubwa wake hutajwa kwa namba kama f/2.8, f/4, f/5.6, f/8 na f/11. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Katika orodha hiyo kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Ikiwa lenzi ya f/4 yaweza kupiga picha kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, basi kwa mwanga ule ule lenzi ya f/5.6 hutaka sehemu moja ya 500, ya f/8 hutaka moja ya 250, na ya f/11 hutaka moja ya 125. Simba aliyelala hatadhuru kitu. Lakini swala anayeruka, au mwewe anayeshuka kunyakua nyama, atakuwa kivuli tu. Yaweza kuongezwa namba ya ISO ili kamera iwe nyepesi kupokea mwanga, lakini ikizidishwa sana picha huingia chengachenga.

Katika Nairobi jambo hili lina uzito wake. Wanyama wala nyama hutembea zaidi alfajiri na jioni, wakati mwanga ni haba, na kuanzia Juni mpaka Agosti mawingu hufunika mji kwa siku nyingi. Lenzi iliyosifiwa na mtu aliyeijaribu kwenye jua kali la Tsavo yaweza kumvunja moyo mwenziwe asubuhi ya Julai katika Mbuga ya Nairobi.

Kwa nini basi sisi sote tusinunue lenzi zenye tundu kubwa? Jibu limo katika hesabu. Gawanya urefu wa lenzi kwa namba ya tundu, nawe utapata upana wa njia ya mwanga. Lenzi ya 600 yenye f/4 hutaka kioo cha mbele chenye upana wa milimita 150, karibu upana wa sahani ndogo. Ya 600 yenye f/6.3 hutaka milimita 95 hivi. Na yenye f/11 hutaka 55 tu. Vioo vikubwa ni vizito, ni vigumu kutengeneza, na bei yake hupaa.

Uzito na bei

Tutaje mifano mitatu. Canon RF ya milimita 600 yenye f/4 ilipotolewa mwaka 2021 iliuzwa Marekani kwa dola 12,999, fedha ipitayo shilingi milioni moja hata kabla ya usafiri na ushuru. Uzito wake ni kilo 3 na zaidi. Sigma ya 150 mpaka 600, ile nyepesi iliyotolewa mwaka 2014, ilianza kwa dola 1,089, nayo ni kilo 2 hivi. Canon RF ya 600 yenye f/11, ya mwaka 2020, ilianza kwa dola 699, wala haifiki kilo 1. Zote tatu hufika milimita 600. Tofauti yao ni mwanga zinaopitisha, na wepesi wa kumshika mnyama aendaye mbio.

Bei hubadilika, lakini mpango wake ni ule ule: mtu hulipia mwanga zaidi kuliko alipiavyo urefu. Kwa hiyo ajiulize kama picha zake zinahitaji mwanga huo. Ajiulize pia kama mkono wake utaweza kuishika lenzi ile tangu asubuhi mpaka jioni, na kama ataweza kuipakia katika matatu kutoka Makadara bila kuivunja wala kuwavutia wezi.

Mtikisiko na joto

Lenzi ikuzayo mnyama hukuza na mtikisiko wa mkono. Kanuni ya zamani yasema kwamba lenzi ya milimita 600 isishikwe kwa mkono katika mwendo ulio chini ya sehemu moja ya 600 ya sekunde. Lenzi nyingi za siku hizi zina kizuia mtikisiko, nacho husaidia sana; lakini hutuliza mkono wa mpiga picha tu, hakimtulizi mnyama.

Ndani ya gari, stendi ya miguu mitatu haina nafasi. Dawa yake ni mfuko wa maharagwe. Mwambie fundi cherehani akushonee mfuko wa kaki wenye ukubwa wa mto mdogo, ujaze maharagwe au mchele, uuweke juu ya dirisha la gari, na ulaze lenzi juu yake. Zima injini kabla ya kupiga. Mfuko huo wa bei rahisi umeokoa picha nyingi ambazo wenyewe walidhani zimeharibiwa na ubovu wa lenzi.

Liko na jambo jingine lisiloponywa na lenzi yo yote. Jua likiisha kupanda, joto hutoka ardhini na hewa hutetema kama juu ya jiko. Ukiwa na lenzi ya 600 na mnyama yu mbali mita 200, picha yake itaonekana kama imetiwa ndani ya maji. Dawa ni kufika mapema. Milango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa tatu za mwanzo hupita siku yote nzima kwa thamani.

Jua ugonjwa kabla ya kununua dawa

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Tuseme yuko fundi wa picha wa Jericho mwenye kamera ya bamba dogo na lenzi yake ya arusi, ya milimita 70 mpaka 200. Amepata zamu yake katika chama, na rafiki zake wamhimiza anunue lenzi ndefu kuliko zote dukani. Yafaa afanyeje?

Kwanza, aende mbugani kwa siku moja na lenzi ile ile aliyo nayo. Akirudi, azitazame picha zilizoharibika, siyo zile nzuri, na aziweke katika mafungu. Fungu la kwanza ni zile ambazo mnyama ni mdogo mno: hizo zataka urefu. Fungu la pili ni zile ambazo mahali pote ni wazi lakini mnyama mwenyewe amefifia kwa sababu ya mwendo, au picha imejaa chengachenga: hizo zataka mwanga, yaani tundu kubwa. Fungu la tatu ni zile ambazo kila kitu kimetikisika, majani na mnyama pamoja: hizo zataka mfuko wa maharagwe na mkono uliotulia. Fungu la nne ni zile ambazo mnyama amegeuza mgongo au amefichwa na majani: hizo zataka subira, wala subira haiuzwi dukani.

Fungu lililo kubwa ndilo limwonyeshe anunue nini. Ikiwa ni la kwanza, na nia yake ni kuuza kadi na kalenda za wanyama wakubwa, lenzi ya kuvuta ya 100 mpaka 400 katika kamera yake ndogo itamtosha kwa muda mrefu. Ikiwa anapenda ndege, afikirie ile ya 150 mpaka 600. Ile ya f/4 ya mamilioni aiache kwanza. Na siku atakapopata kazi inayoihitaji, aikodi kwa siku hiyo na gharama aitie katika malipo ya mteja. Hata ile anayokusudia kununua ni vema aikodi kwanza kwa siku moja. Na vijana watatu au wanne wakishirikiana kununua lenzi moja kwa mkataba ulioandikwa, hapana aibu; kidole kimoja hakivunji chawa.

Asidanganywe na kipande cha kuongeza urefu. Kile kiongezacho mara 1.4 hupunguza mwanga kwa nusu. Na kile cha mara 2 huacha robo moja tu ya mwanga. Hufaa juu ya lenzi yenye tundu kubwa. Juu ya lenzi ya f/6.3 mara nyingi huleta huzuni.

Kununua lenzi iliyotumika

Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon walipoanza namna mpya ya kamera kubwa zisizo na kioo cha ndani, wapiga picha wengi wameuza lenzi zao za namna ya zamani, na nyingi zingali nzuri. Yawezekana kuifunga lenzi ya zamani katika kamera mpya ya kiwanda kile kile kwa kutumia pete maalumu. Lakini lenzi mpya haifungwi katika kamera ya zamani. Mnunuzi ahakikishe jambo hilo kabla ya kutoa fedha.

Kisha amulike tochi ndani ya lenzi na kuchungulia upande wa pili. Akiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hupatikana sana katika lenzi zilizokaa mahali penye unyevu kama pwani. Aizungushe pete ya kuvuta aone kama inakwama. Aifunge katika kamera yake mwenyewe, apige kitu cha karibu na cha mbali, na azikuze picha mpaka pembeni. Mwisho adai hati ya mauzo yenye jina la muuzaji na namba ya lenzi. Lenzi ya wizi, hata ikiwa rahisi namna gani, ni ghali.

Mahali pa kujifunzia

Mwanafunzi hana haja ya kulipa kiingilio kila siku. Wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, waitwao marabu, hukaa juu ya miti kando ya Barabara ya Mombasa na penye jaa la Dandora. Kimo chao hupita mita 1. Korongo wa mita 1.2 akiwa mita 20, lenzi ya milimita 300 humpa kimo cha milimita 18 juu ya bamba. Mwewe nao huzunguka angani karibu kila mtaa. Mtu akiweza kumfuata mwewe kwa lenzi ndefu bila kumpoteza, ataweza kumfuata duma. Mabwawa makubwa ya maji machafu ya Dandora, yaliyoko Ruai, hujulikana na wapenda ndege kwa bata na ndege wa majini; hayo yana wenyewe, basi ni lazima kuomba ruhusa kwanza.

Huko mbugani, mtu asitoke garini ila mahali paliporuhusiwa, asiache barabara, na asipige kelele wala honi ili mnyama amtazame. Gari lililotulia ni maficho mazuri. Mnyama akiinua kichwa, akaacha kula au akaondoka kwa sababu yako, umekaribia mno. Na anayekusudia kufanya biashara ya picha aulize masharti kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya kabla ya kuanza.

Kazi hii ina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani C. G. Schillings alipiga wanyama wa nchi za Kilimanjaro kwa taa ya baruti usiku, na A. Radclyffe Dugmore akaja Kenya mwaka 1909 na kutoa kitabu chake mwaka 1910. Vyombo vyao vilichukuliwa na wapagazi wa nchi hizi, lakini majina yaliyojulikana ni ya wenye kamera. Tangu mwaka 1977, Kenya ilipopiga marufuku kuwinda wanyama kwa bunduki, kamera imekuwa silaha pekee ya mgeni mbugani. Hapana sababu tena ya mjukuu wa mpagazi kubaki akichukua mzigo. Atakayechagua chombo kwa hesabu, akaamka mapema, na akamheshimu mnyama, aweza kuandika jina lake mwenyewe chini ya picha.

Maswali ya kujipima

1. Kifaru mwenye kimo cha mita 1.5 yu mbali mita 60. Kwa lenzi ya milimita 400, kimo chake kitakuwa milimita ngapi juu ya bamba?

2. Lenzi ya milimita 500 yenye f/5.6 ina njia ya mwanga yenye upana gani?

3. Picha zako nyingi zimetikisika, majani na mnyama pamoja. Je, utanunua lenzi mpya, au utaanza na nini?